Posa Niliyoibandika Kwenye Ukurasa wa Dada

Nilimposa dada yangu kwa kompyuta. Si kwamba nilitaka kumuoa mimi, tafadhali, akili kidogo ninayo. Nilichofanya ni kuingia kwenye ukurasa wake bila ruhusa, nikabandika picha ya baba yetu akipokea miraa ya posa, kisha nikaandika chini yake, kwa jina la dada, kwamba wazee wamekubali na Mungu ni mwema. Mposaji hakuwepo. Wazee hawakuwepo. Mungu alikuwepo, na nadhani alikuwa anatikisa kichwa.

Ilikuwa likizo ya Aprili, mimi niko kidato cha tatu. Shule yetu iko Kaaga, pale ambapo ukirusha jiwe kutoka shule moja linaangukia nyingine, na huko nilichagua somo la kompyuta kwa sababu chumba cha kompyuta ndicho pekee chenye mapazia na viti vya kuegemea. Mwalimu wetu wa kompyuta ni mtu mpole ambaye hajawahi kuinua sauti, hata siku ile tulipochomoa waya zote za vipanya tukamwambia ni umeme. Ana maneno yake ambayo tunayasema pamoja kabla ya kila kipindi: ukimaliza, toka kwenye akaunti yako, ukikuta mwenzako amesahau kutoka, mtoe, usiingie. Tunayasema kama vile tunavyosema Baba Yetu, yaani mdomo uko kazini na kichwa kiko kwenye chakula cha mchana.

Sasa, dada yangu ni kifungua mimba wa kwetu na anafanya kazi ya ofisi mjini Embu. Alikuja nyumbani Pasaka. Kwetu ni karibu na Laare, kwenye mashamba ya miraa, mahali ambapo laptop ni kitu cha kufunikwa kitambaa kama televisheni ya zamani. Alipokuwa akirudi Embu aliniachia yake ili nifanye mradi wa shule. Alinionya niitumie kwa kazi ya shule tu, nikaapa, na nilikuwa namaanisha kwa muda wote aliokuwa akinitazama. Mradi wenyewe ulikuwa bango la kufundisha wanafunzi matumizi mema ya mtandao. Naomba usicheke bado.

Siku hiyohiyo, yeye akiwa bado njiani, nilipoifungua nikakuta ukurasa wake uko wazi. Amesahau kutoka.

Na mezani, mbele yangu kabisa, kulikuwa na ncoolo. Kwa mtu ambaye si wa kwetu nieleze: ncoolo ni kibunda cha miraa cha heshima, miraa ya miti mikuukuu iliyochaguliwa kijiti kwa kijiti, ikafungwa kwa majani ya mgomba na kamba ya mgomba, ikapendeza kama mtoto wa ubatizo. Kijana akitaka kuoa, watu wake wanakipeleka hicho kwa baba ya msichana. Baba akikipokea na kukigawa kwa wazee wa ukoo, mazungumzo yamefunguliwa. Asipokigawa, rudini nyumbani mkafikirie. Baba yangu ana mkono mzuri wa kufunga, kwa hivyo watu humletea kazi hiyo, na hicho cha mezani kilikuwa cha mtoto wa jirani aliyekuwa anaenda kuposa upande wa Maua.

Hapo mbele yangu kuna kibunda, kuna laptop, kuna akaunti iliyo wazi, na kuna mimi. Hata shetani hakuhitaji kuja. Angekuja angeuliza kama kuna kitu amebakisha.

Nilipiga kibunda picha. Nikatafuta picha ya Baba kwenye harusi ya binamu yetu, ile ambayo anacheka meno yote nje huku amenyoosha mkono kupokea sahani ya nyama. Nikaikata sahani, nikaweka kibunda. Baba alikuwa anatazama upande usiofaa, nikabonyeza mahali fulani akageuka. Ni raha sana kumgeuza baba yako kwa kidole kimoja, nakwambia, maana nyumbani ndiye hugeuza watu. Nyuma nikaweka ukuta wetu wa sebuleni na kalenda ya kanisa. Mwalimu angeona kazi ile angenipa alama zote halafu anifukuze. Nikaandika maneno yangu, nikabonyeza, nikaenda kumkatia ng'ombe majani.

Mpango ulikuwa dada aione, anipigie simu anitukane, tucheke, niifute. Sikuwaza kwamba simu yake ilikuwa imeisha chaji akiwa njiani.

Niliporudi na majani, ukurasa ulikuwa umejaa watu kama soko. Hongera, hongera, mashangazi wa mbali, wasichana aliosoma nao, mtu mmoja aliyeandika ubeti mzima wa Zaburi. Kina mama wa kanisani walikuwa wameshaanza kumpigia Mama, na Mama, ambaye alikuwa akipanda maharagwe tangu asubuhi na hajui chochote, alikuwa anawajibu kwamba ndiyo, Mungu ni mwema, akidhani wanazungumzia mvua. Nilijua wakati umefika wa kuifuta. Lakini utamu wa mzaha uliokubalika ni kitu kibaya. Nikajiambia nisome maoni machache tu ya mwisho, kama mtu anayesema anamalizia supu.

Hapo ndipo baba mkubwa alipopiga simu kutoka Ruiri. Huyu ni kaka yake Baba, anafuga mbuzi na kondoo huko, na ndiye hushika mambo ya ukoo. Jambo halijafanyika mpaka yeye aseme limefanyika. Mtu alikuwa ameichukua ile picha kwenye ukurasa wa dada akaitupa kwenye grupu la ukoo. Baba huongea na simu ikiwa mbali na sikio, sauti yote nje, kwa hivyo mimi, Mama, na ng'ombe tulisikia.

"Ndugu yangu," baba mkubwa akasema, "sikuulizi kwa nini hukuniita. Hilo tutalimaliza wenyewe. Nakuuliza, ulianza lini kupokea posa ya mtoto kwa mkono wa kushoto?"

Baba akautazama mkono wake wa kushoto, kama aliyeambiwa kuna mdudu.

"Posa gani?"

"Ya binti yako. Iko hapa kwa simu. Umecheka vizuri, kibunda ni kizuri, halafu umenyoosha kushoto kama mtu anayechukua chenji. Wale watu watasema tumewadharau hata kabla hatujaketi."

Nilikuwa nimemgeuza Baba bila kukumbuka kwamba mikono nayo inageuka. Wasichana wote wa Embu na jamaa zote za mjini walikuwa wameipita ile picha, wakabandika mioyo na maua. Wazee wetu, ambao wengi huishika simu kama kipande cha sabuni, walikuwa wameona mkono. Baadaye niliambiwa grupu lilikuwa limegawanyika: wengine walisema Baba ameugua, wengine walisema amelewa, na mmoja alipendekeza ukoo ukutane umtoze kondoo wa kuomba radhi kwa wakwe ambao hawapo duniani.

Baba alianza kumwuliza ndugu yake maswali mengi. Mama hakuuliza hata moja. Alinitazama tu. Mama yangu hahitaji ushahidi; ushahidi ni uso wangu.

Nikaingia ndani nikaifuta. Nilikuwa bado nacheka kidogo, kusema kweli. Kiboko nilikuwa nimekihesabia kwenye mpango tangu mwanzo. Nikawa najiandalia utetezi kuhusu vipaji vya vijana. Ndipo simu ya Mama ikalia tena, na alikuwa dada, amefika Embu, ameweka simu kwenye chaji, ameona. Alitaka kuongea na mimi. Nikaitoa simu nje, nikaiweka mbali na sikio kama Baba, nikingoja matusi.

Hakutukana. Alikuwa analia.

Aliniambia kuna mtu. Ni mwalimu, wa upande wa Mbeere, na wamekuwa pamoja kwa muda mrefu bila sisi kujua, kwa sababu dada ndivyo alivyotaka. Alikuwa amemweleza habari za ncoolo yeye mwenyewe. Alimwambia siku roho yako itakapokuwa tayari, njoo na kibunda hicho, na mpaka siku hiyo kwetu hakuna anayekujua. Yule mwalimu alikuwa amekuwa akijikusanya, akiuliza wajomba, akipanga. Mchana ule akafungua simu akamwona baba mkwe wake wa baadaye anacheka na kibunda cha mtu mwingine. Alimwandikia dada maneno mawili tu, ya kumtakia heri, akazima simu, akawaaga majirani kwamba anaenda kwao kwa mama yake. Shule zimefungwa, hata kazini huwezi kumpata.

"Umeifuta?" dada akaniuliza.

"Nimeifuta."

"Yeye ameshaiona. Huko utaifutaje?"

Mimi ni mtu ambaye darasani hukaa nyuma na jibu la kila kitu liko tayari kabla swali halijaisha. Jioni hiyo nilisimama karibu na zizi nikimhesabu ng'ombe mmoja mara tatu. Nilipogeuka, Mama alikuwa nyuma yangu na sufuria, amesikia yote. Akaichukua simu, akaongea na dada kwa Kimeru, polepole, muda mrefu, akaenda nayo mpaka mwisho wa maharagwe na kurudi. Kisha akanirudishia simu na kuniambia kwamba mashine iliyoharibu ipo palepale mezani, na aliyeitumia kuharibu anajijua.

Nilianza kwa kuandika msamaha. Niliandika mmoja wa kuchekesha, nikaufuta. Niliandika mwingine wa kusikitisha, nao ulisikika kama wa mwanasiasa. Halafu nikaona kwamba hakuna atakayeniamini nikisema picha ni ya uongo, kwa sababu nilikuwa nimeitengeneza vizuri, hapo ndipo ufundi wangu uliponigeukia. Mtu angesema familia imeona aibu ya ule mkono wa kushoto sasa inakana. Kwa hivyo nikampigia dada nikamwomba ruhusa ya kuingia kwenye ukurasa wake. Akacheka katikati ya kilio, akasema ni mara ya kwanza mwizi anabisha hodi. Akanikubalia.

Nikarekodi video. Nikataja jina langu na kidato changu, nikasema mimi ndiye, dada hakujua, hakuna mtu aliyeleta chochote kwetu. Halafu nikaifungua ile kazi mbele ya macho yao, tabaka kwa tabaka, jinsi tunavyofundishwa darasani. Nikaondoa ukuta. Nikaondoa kalenda ya kanisa. Nikaondoa kibunda, sahani ya nyama ikarudi. Mwisho nikamgeuza Baba, mkono wa kulia ukarudi kuwa wa kulia. Nikaituma mahali pote ambapo ile ya kwanza ilikuwa imefika, nikaituma na kwa nambari ya mwalimu ambayo dada alinipa. Kwake ikabaki na alama moja tu, ya kutumwa bila kufika. Simu imezimwa.

Grupu la ukoo lilinichoma siku nzima. Shangazi mmoja aliyekuwa ameshanunua kitambaa aliuliza kama mimi naweza kuvaa gauni. Baba mkubwa alisema kondoo aliyekuwa amemtenga kwa sherehe atabaki naye, ila amempa jina langu, na tayari amegundua hasikii anapoitwa. Baba alinipa adhabu yangu, ambayo ilihusu kinyesi cha ng'ombe na sehemu kubwa ya likizo. Yote hayo niliyapokea kwa furaha, ungeshangaa. Kila nilipomaliza mkokoteni mmoja nilikuwa nakimbia kutazama ile alama moja kama imezaa ya pili.

Dada alikuwa anapiga kila jioni kuuliza, na kila jioni sauti yake ilikuwa inapungua. Alikuwa ameanza kusema labda ni sawa, labda mtu anayekimbia picha angekimbia na mengine. Mama alikuwa anamjibu kwa kuongea juu ya maharagwe.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, nimeshika simu ya Mama huku bado nimevaa viatu vya kunibana. Ujumbe kutoka nambari ya mwalimu.

"Kwa hiyo mzee alikuwa anapokea nini hasa?"

Nikaandika: "Sahani ya nyama. Mbavu."

Kisha akatuma sura za kucheka, safu nzima, na nilipompigia dada nikakuta simu yake inatumika. Ilitumika mpaka tukala, tukaosha vyombo, tukaenda kufunga ng'ombe. Alipopatikana hakuwa na la kusema zaidi ya kuniita mjinga, lakini aliniita mjinga kwa sauti ambayo ningependa kuitwa nayo kila siku.

Baadaye mwalimu akanitafuta mimi mwenyewe. Alitaka kuja rasmi, na hakujua kibunda hufungwaje. Kuwauliza watu wa huku aliona haya. Fikiria hapo. Mtu mzima, mwalimu, amejileta mikononi mwangu na kuniomba nimfundishe mila. Ningeweza kumwambia waposaji wa kwetu huja wamevaa gunia wakirudi kinyumenyume. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Nikayameza. Nilimfundisha kwa simu ya video kwa uaminifu ambao sijawahi kuutumia hata kwenye mtihani, nikitumia majani ya ng'ombe kama mfano: chagua laini, iwe ya asubuhi ileile, majani ya mgomba yafunike hivi, kamba ipite hivi, uzuri wote ukae mbele. Akarudia mpaka fundo lake likawa zuri kuliko langu. Mwisho akaniambia nisihofu juu ya kupata, kwao imejaa kila mahali. Nikasema vizuri sana. Hapo ndipo mtu mwenye akili angesimama kidogo akauliza ni nini hicho kilichojaa.

Walikuja Jumamosi kabla hatujarudi shuleni, mwalimu na mjomba wake na shangazi wawili. Mwalimu alikuwa amevaa koti na jasho. Wazee wetu walikuwa wamekaa sebuleni, baba mkubwa katikati yao; kondoo mwenye jina langu, ambaye baba mkubwa alikuja naye, alikuwa nje amefungwa, anakula maua ya Mama. Dada alisimama mlango wa jikoni, nusu ya uso ikionekana. Mimi nilipewa kazi ya kubeba viti na kukaa kimya.

Mjomba akasimama na kibunda. Kilikuwa kizuri, nikavimba kichwa. Baba akanyoosha mkono wa kulia mbele kabisa, ule wa kushoto ameuficha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari, na wazee wakaguna kwa kuridhika. Akakiweka mezani. Akafungua kamba. Akafungua jani la mgomba.

Yakamwagika majani ya muguka.

Muguka ni binamu wa miraa. Ni majani tu, hayana vijiti vya kupanga, na Mbeere wanayalima jinsi sisi tunavyolima miraa na kujivunia. Hakuna ubaya. Lakini kumletea mkulima wa Laare posa ya muguka ni kama kumpelekea mwenye ng'ombe maziwa ya pakiti. Majani yalitapakaa mezani, mengine yakaanguka kwenye viatu vya baba mkubwa.

Kisha vichwa vyote, kimoja baada ya kingine, vikanigeukia mimi. Nilifungua mdomo kuapa kwamba safari hii ni ajali, kwamba nilifundisha fundo na kusahau kusema ni la nini, na nikaona hakuna hata mtu mmoja chumbani, pamoja na mimi mwenyewe, ambaye angeniamini. Mwalimu alikuwa anatazama meza, anatazama nyuso, na polepole anaelewa. Mjomba wake alianza kukusanya majani kwa kiganja. Mzee mmoja akamnong'onezea baba mkubwa kwamba kitu hiki hakigawiki, na kisichogawika hakifungui mazungumzo, labda wageni warudi siku nyingine wakiwa tayari. Mwalimu alisikia. Ule uso wa dada pale mlangoni ulipotea.

Baba akaokota jani moja, akalinusa. Akamtazama Mama, ambaye kwa kawaida haongei katika kikao kama hicho, naye alikuwa amesimama na sinia la vikombe.

Mama akaliweka sinia juu ya meza, katikati ya muguka, akaanza kumimina chai, na bila kumtazama mzee yeyote akaniambia:

"Wewe, mpeleke shemeji yako shambani umwonyeshe mti wa miraa. Achume mwenyewe, na wewe njiani usimfundishe kitu."